Sikio Langu na Kifaa Kisichofunguka

Sikuzaliwa kiziwi. Naanza na hilo kwa sababu karatasi yangu ya kwanza katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, iliyojazwa na mtu ambaye hakuinua uso kuniangalia, inasema nilizaliwa hivyo. Nilizaliwa Uvira, binti wa fundi wa redio, na nilisikia vizuri kiasi kwamba baba alikuwa akinipa redio mbovu nimtajie ugonjwa wake kabla hajaifungua. Mkwaruzo wa spika iliyochanika niliujua, na ule mguno wa waya uliolegea, na namna sauti inavyozama na kupanda betri zinapokaribia kuisha.

Naandika sasa, sikio likiwa limekauka, kwa ajili yako wewe unayebadilisha pamba sikioni mara tatu kwa siku na kuambiwa kwamba usaha wa sikio ni kitu kidogo. Si kitu kidogo. Nilijaribu kuandika bila hasira nikashindwa, kwa hiyo utaikuta humu ndani.

Tulivuka kuingia Uganda mimi na mume wangu Byamungu, na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni, baada ya vita kufika kwetu Kivu ya Kusini. Nilikuwa na miaka ishirini. Njiani nilipata mafua makali, siku zile tulizokuwa tukinyeshewa chini ya turubai, na sikio la kushoto likaanza kuuma kama mtu anachimba humo kwa msumari. Siku ya nne likapasuka. Maumivu yakakatika palepale, na kwenye kitambaa nikaona maji ya manjano yenye damu. Nilifurahi. Nilidhani nimepona.

Mvua za kwanza za Nakivale zilinikuta usaha ukitoka. Kwenye zahanati walinipa dawa ya matone na onyo moja tu, nisiingize maji sikioni. Maji tulichota ziwani na kuyabeba kichwani kwa jerikeni, na hakuna jerikeni lisilodondosha. Nilimweleza hivyo aliyenipa onyo, akasema basi nijitahidi. Kiangazi sikio lilikauka, mvua zikarudi nalo likarudi, na mvua za mwaka wa pili zikalichukua na sikio la kulia. Miaka yangu ya kwanza pale siikumbuki kwa majina ya mwaka. Naikumbuka kwa matone. Kuna mwaka wa matone meupe, kuna mwaka wa matone ya kahawia yaliyochoma, kuna mwaka ambao zahanati haikuwa na matone yoyote na nikatumia maji ya chumvi.

Usaha una harufu, na mwenye sikio ndiye wa mwisho kuijua. Nilikuwa mwimbaji katika kanisa letu dogo la turubai. Dada aliyesimama kushoto kwangu alihamia mstari wa nyuma, kisha wa kulia kwangu akaenda kusimama karibu na ngoma. Mwisho kiongozi wa kwaya akamwambia Byamungu, si mimi, kwamba ingefaa nipumzike hadi nipone. Byamungu aliniletea maneno hayo nyumbani, akayasema mara mbili kwa sauti ya kupiga kelele ndipo nikayapata, na majirani wote wakayapata pia.

Kusikia kuliondoka taratibu, kama mtu anayekuaga huku akirudi nyuma. Kwanza nilipoteza ndege, kisha watoto, kisha sauti za wanawake. Sauti nzito ya Byamungu ilikuwa ya mwisho kubaki. Nyumbani mambo yalibadilika bila mtu kuamua. Watoto waliacha kunisimulia ya shuleni kwa kuwa ilikuwa kazi. Wageni walimuuliza mume wangu hali yangu nikiwa nimekaa hapohapo, naye akawajibu. Wakati mwingine niliona midomo yao ikitaja jina langu, nikauliza wanasema nini, naye akasema, "Ah, hapana kitu." Hapana kitu hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko usaha.

Kazi sikuiacha. Nilikuwa na meza ya kutengeneza redio pembeni mwa kituo cha biashara, maana watu wa kwetu walitaka habari za nyumbani kuliko hata mafuta ya kupikia. Lakini fundi wa redio asiyesikia anajuaje kama redio imepona? Siku moja nilikuwa nimeshika bisibisi kwa meno, mikono yote miwili ikiwa na kazi, na ncha yake ikagusa spika iliyokuwa imewashwa. Nikasikia mtu anazungumza ndani ya kichwa changu. Alikuwa mtangazaji, neno kwa neno, akitaja bei ya maharage. Niliitoa bisibisi, akanyamaza. Niliirudisha, akaendelea. Nilikaa pale nikiuma mpini wa bisibisi, machozi yananitoka, na mteja aliyekuwa akisubiri akaondoka kwa woga. Tangu siku hiyo nilijua jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia: ndani kabisa sikio langu lilikuwa hai. Kilichoharibika ni njia ya kufikia huko.

Nilikwenda kuwaambia zahanati. Waliniandika kwenye orodha ya wagonjwa wa kupelekwa Mbarara kwa daktari wa masikio.

Siku ya kusafiri nilifika mapema, nikakaa benchi la mbele. Watu waliitwa, wakapanda gari, gari likaondoka. Nikamfuata mlinzi mwenye orodha. Alinisemesha, nikamwonyesha sikio, akainama na kupaza sauti.

"Mimi naita wewe mara tatu. Wewe nakaa tu. Jina yako nimeshafuta."

"Sisikie," nilimwambia. "Njo sababu nilikuya hapa."

Akainua mabega. Kwenye orodha aliandika kwamba sikutokea. Nilirudishwa mwisho wa foleni ya miezi, na zamu yangu ilipofika tena ikawa vilevile, mlinzi mwingine, orodha ileile ya wagonjwa wa masikio inayosomwa kwa sauti, mtu amegeukia gari. Nawauliza hadi leo: ni akili gani inamwita kiziwi kwa jina akiwa amempa mgongo, kisha inaandika kwamba hakutokea? Mara ya tatu nilikwenda na Byamungu, akaacha palizi. Jina liliposomwa akanisukuma begani, nami nikapanda.

Kliniki ya masikio ilikuwa upande wa Kamukuzi, kwenye mteremko, na chumba chake cha kungojea kilikuwa na dirisha moja lililotazama ofisi za serikali. Nimekaa katika chumba kile siku nyingi kuliko nilizokaa kanisani. Utatujua wagonjwa wa masikio mahali popote. Tunatazama midomo. Kila mlango unapofunguka tunainua vichwa wote, kama ng'ombe. Lakini pale palikuwa na muuguzi mmoja aliyekuja hadi mbele ya kila mtu, akamgusa mkono, akamwonyesha jina lake limeandikwa kwenye kadi; yangu ilisema Riziki. Hakuna aliyemfundisha, nilimuuliza. Alikuwa amefikiri tu.

Daktari, mwanamke mrefu aliyeitwa Kemigisha, alinisafisha sikio kwa kifaa cha kunyonya, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaja kukaa mbele yangu, magoti yetu yakikaribiana.

"Nyabo, angalia mdomo yangu," alisema, akiniita mama kwa lugha ya huko. "Kiwambo ya sikio imekwisha. Mifupa midogo ya ndani, ugonjwa imekula. Lakini ndani zaidi bado mzima."

"Najua," nikamwambia, nikamweleza habari ya bisibisi. Hakucheka. Alichukua kitu cha chuma chenye matawi mawili, akakigonga gotini, akaniwekea mfupani nyuma ya sikio, nikasikia mlio mrefu, mtamu. Alikuwa mtu wa kwanza kuniamini.

Walinipa kwanza kifaa cha kawaida cha kusikia, kile kinachokaa nyuma ya sikio na kuziba tundu kwa plastiki. Kwa wiki mbili nilisikia. Watoto walizungumza wote kwa pamoja siku ya kwanza nikawaambia wasiache. Wiki ya tatu usaha ulirudi kwa nguvu, maana sikio lililozibwa halipati hewa. Kliniki wakaniambia nikivue sikio likauke. Likikauka nivae. Likilowa nivue. Ina maana nichague, ama nisikie nikiwa naoza, ama niwe mzima bila kusikia. Nilikivua, nikakifunga kwenye kitambaa.

Ndipo Daktari Kemigisha akaamua kunipasua, ausafishe ugonjwa wote mfupani, sikio la kulia kwanza na la kushoto kiangazi kilichofuata. Wanakunyoa nusu ya kichwa. Unalala ukihesabu, unaamka na bandeji iliyokuzunguka kama kilemba, na dunia inazunguka upande mmoja bila kusimama. Kwa majuma kadhaa kila chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Hayo nakuambia ili usiogope yakikupata, maana mimi hakuna aliyenionya. Ladha inarudi na kizunguzungu kinaisha. Nywele zangu upande wa kulia ziliota na mvi.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa Jovia, mkulima wa ndizi kutoka Rugaaga, mwenyeji wa huko, mkubwa kwangu kidogo, mwenye ugonjwa uleule na bandeji ileile. Hakujua lugha ya nyumbani kwangu wala mimi ya kwake, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Mimi sikio nakufa tangu msichana," aliniambia, akifungua mdomo sana ili nione. "Bwana yangu nasema mimi iko mjinga. Si mjinga. Nasikia hapana."

Ndugu zake walimletea matoke, naye akanigawia kila siku bila kuniuliza. Watu wa kambini na wenyeji hawakuwa wakipendana sana miaka ile, kwa mambo ya mashamba na malisho. Sisi tulikuwa viziwi wawili wenye nusu kichwa. Tulifundishana kusoma midomo, na alipocheka kitanda chake kilitikisika hata mimi nikahisi.

Masikio yalikauka. Mvua zilikuja, yakabaki makavu, nami nikarudi kwaya, nikasimama mstari wa mbele nikiimba kwa kutazama mikono ya kiongozi. Kusikia, hata hivyo, hakukurudi.

Mwaka uliofuata Daktari Kemigisha alituita Mbarara wagonjwa wake waliokauka. Kulikuwa na mhandisi mgeni, Bwana Anton, wa kampuni moja ya ng'ambo iliyokuwa ikibuni kifaa cha kusikia kinachopandikizwa ndani ya sikio la kati. Mtu haonekani amevaa chochote. Kikopo kidogo cha chuma kinafichwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na kutoka humo kijiti chembamba kinaingia hadi kwenye mfupa wa mwisho uliobaki na kuutikisa. Kwa sisi tulioshindwa na vile vya kuziba, hicho ndicho kilichohitajika. Nilipoona picha niliitambua. Ilikuwa bisibisi yangu, imefanywa ndogo na kuwekwa mahali pake.

Lakini kikao chenyewe kilinichoma. Walitukalisha ukumbini, wakazima taa ili picha zionekane ukutani. Bwana Anton alizungumza akiwa ametazama ukuta, na Mwesigye, fundi wa mashine wa kliniki ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani, alisimama gizani kando yake. Tulikuwa viziwi watupu mle ndani, na hakukuwa na mdomo hata mmoja wa kutazama. Wenzangu waliitikia kwa vichwa kwa adabu. Nikasimama.

"Washa taa," nilisema.

Mwesigye akasema kitu sikukiona. Nikarudia. Taa zikawashwa.

"Munasema juu ya masikio yetu," nikawaambia, "na mumetupa mugongo. Sisi hatusikie hata kitu. Mugeuke."

Uso wa Bwana Anton ulikuwa mwekundu. Aligeuka, nampa haki yake, na tangu hapo alizungumza akitutazama, na Mwesigye akaja kusimama mwangani. Basi nikauliza swali la fundi. Betri iko wapi?

Iko ndani ya kikopo, walijibu. Kikopo kimefungwa kabisa, maji hayaingii.

Ikikufa?

Itadumu miaka mingi. Ikiisha, mgonjwa anapasuliwa tena na kuwekewa kikopo kipya.

Nani atampasua, na kikopo kitatoka wapi?

Mwesigye alitafsiri, kisha akanigeukia. "Anasema kampuni itapanga," alisema.

Nikawaambia ninavyofikiri. Chini ya ngozi wagonjwa wawekewe tu kisichokufa, sumaku na waya. Betri ikae nje, kwenye kikopo kidogo kinachojibandika kwa sumaku nyuma ya sikio, ambacho hata mtoto anaweza kukibadilisha. Sisi tunafunga vitambaa kichwani, nani atakiona? Nilichukua kalamu nikachora nyuma ya karatasi ya kikao. Bwana Anton aliitazama michoro yangu kwa muda, akauliza nimesoma wapi. Mezani kwa baba yangu, nikamjibu. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, nami nikarudi kambini nikiwa mrefu kuliko nilivyokwenda.

Watu wa kampuni walirudi baada ya misimu miwili wakiwa na kifaa tayari na idhini ya kuwapandikizia wagonjwa wachache wa kujaribu. Jovia alichaguliwa, na mimi pia. Nilikishika mkononi kabla ya kusaini. Kilikuwa chepesi na kizuri, kimepigwa msasa kama kito. Nikakizungusha kutafuta kifuniko. Hakikuwa nacho.

"Betri?" nikamuuliza Mwesigye.

Aliangalia chini. "Ndani," alisema.

Nikataka kujua kwa nini. Bwana Anton alieleza kwa upole kwamba wazo langu walilijadili, lilikuwa zuri, lakini wateja wa kwao hawapendi kitu kionekane nje.

"Na sisi?" nikauliza.

Akasema sisi tunapata bure.

Sikusaini. Nilikaa pale na kalamu mkononi kwa muda mrefu, nikitaka kusikia kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na sikusaini. Jovia alinishika mkono. "Riziki, weka jina," alisema. "Mimi naogopa kufa bila kusikia. Betri, Mungu ataona." Simlaumu hata kidogo. Alisaini, akapasuliwa juma lile.

Byamungu alikuwa akinisubiri nje. Nilipomwambia, sura yake ilikunjamana. Alikuwa amepaza sauti kwa miaka karibu kumi na tano, koo lake lilikuwa limeshakuwa la mkwaruzo.

"Riziki, hii njo ilikuwa bahati yetu," alisema, na hakupaza sauti, nikaisoma midomoni. "Batu banatafuta hii kintu, wewe unakatala? Mimi sijachoka? Minapenda kukuambia neno moja tu polepole, kama mutu na bibi yake."

Nilimwambia kwamba sitaki kusikia kwa miaka michache halafu nizikwe na chuma kilichokufa kichwani. Akasema miaka michache ni mingi kuliko sifuri. Hakunisemesha njia nzima, wala siku zilizofuata, ingawa sijui ni ngapi, kwa sababu kunyamaza kwake na kusema kwake vilikuwa vimeshaanza kufanana kwangu. Nilijiuliza kama ni hekima au ni kiburi cha fundi ambaye mchoro wake umekataliwa. Labda vyote viwili.

Jovia alisikia. Nilimtembelea Rugaaga, akanipokea barabarani akitembea kwa kurukaruka, akaniambia amesikia majani ya migomba yakisugana, na mume wake akikoroma, na kwamba mume huyo sasa anachunga mdomo wake. Nilifurahi kwa ajili yake kwa moyo wote, na njiani kurudi nikalia kwa ajili yangu. Hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana.

Mvua mbili za kila mwaka zikapita, zikapita tena. Katika kiangazi cha mwaka wa tatu Jovia alikuja mezani kwangu Nakivale, amekuja kwa pikipiki akipitia Endiinzi, vumbi hadi kwenye nyusi. Aliketi na kugonga mfupa nyuma ya sikio kwa kidole.

"Nakufa," alisema. "Asubuhi nasikia kuku, mchana hapana."

Tulikwenda Mbarara pamoja. Daktari Kemigisha aliiandikia kampuni. Jibu lilikuja baada ya miezi, likisema mradi wa kifaa hicho umefungwa, Bwana Anton ameondoka kazini, vikopo vipya havitengenezwi tena, na wanawashukuru wagonjwa kwa mchango wao. Mwesigye alitutafsiria barua. Daktari aliichukua barua akaikunja mara nyingi, hadi ikawa ndogo kama kiberiti. Alikuwa ameweka jina lake kwenye karatasi zile, na aliona aibu ambayo haikuwa yake peke yake.

Chuma kilianza kumuuma Jovia kichwani. Daktari alimpasua tena, akatoa kikopo na kijiti chake, akaiacha ncha tu inayogusa mfupa ili asije akaharibu kilicho hai. Jovia alipozinduka aliomba apewe kikopo chake. Akanipa mimi.

"Wewe fundi," alisema. "Angalia nini naua yeye."

Nilikikata taratibu kwa tupa ndogo, siku tatu, Mwesigye akikishikilia kwa koleo na Jovia akitutazama kutoka kwenye kiti. Ndani kulikuwa na betri ndogo ya mviringo, imechomewa waya mbili na kumwagiwa gundi ngumu. Niliipima, haikuwa na uhai wowote. Vingine vyote vilikuwa vizima. Niliweka betri nyingine kwa nje, nikashika kijiti kwa meno, na Mwesigye akazungumza karibu na kipaza sauti kidogo cha kikopo. Nilimsikia akisema, "Nyabo, unanipata?" Kifaa kizima kilikuwa kimetupwa kwa sababu ya kitu ambacho kingebadilishwa kabla chai haijapoa.

Siwezi kukueleza hasira ya siku ile. Jovia alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

Kukirudisha kichwani mwake haikuwezekana. Lakini tulikuwa na kichwa cha Mwesigye na mkono wangu. Kwa kiangazi kizima tulitengeneza kitu kibaya sana kwa macho, mkanda wa kichwa wenye kitikisio kinachobana mfupa nyuma ya sikio, kipaza sauti kutoka kwenye simu iliyokufa, na betri ya simu inayochajiwa kwenye duka lolote lenye paneli ya jua. Hakuna kinachoingia tundu la sikio, kwa hiyo sikio linapata hewa. Daktari alikipima, akatufanya tupunguze nguvu yake mara mbili. Kinanibana hadi jioni ngozi inauma, na sauti zake zina ukavu wa redio. Si kile nilichoahidiwa ukumbini, nami sitakudanganya kwamba ni sawa nacho. Cha kupandikiza ni bora, kikibuniwa na mtu anayejua ninaishi wapi.

Cha kwanza tulimvika Jovia. Cha pili nikavaa mimi, nikaenda nacho nyumbani chini ya kitambaa bila kusema. Byamungu alikuwa anasafisha jembe. Alinisalimu kwa kupaza sauti kama kawaida yake, nikaruka.

"Usipige kelele," nilimwambia. "Sema polepole."

Alisimama. Akaweka jembe chini, akaja karibu, na alichoniambia nakihifadhi.

Wewe uliye mgonjwa, ukiletewa kifaa kikae mwilini mwako, kizungushe kabla ya kusaini. Uliza kinafungukia wapi, na kikifa ni nani atakuja. Wakikuambia ni bure, uliza tena. Usiogope kusema washa taa.

Kabla ya Krismasi barua nyingine ilifika kliniki. Kampuni ilikuwa inafunga hesabu za mradi na iliomba kikopo kilichotolewa kwa Jovia kirudishwe, kwa kuwa ni mali yake, kikiwa vilevile kilivyotolewa. Daktari Kemigisha alituuliza tunataka kujibu nini. Jovia alisema warudishiwe, hana haja nacho. Basi nikakisafisha, nikachonga kifuniko cha bati chenye skrubu mbili pale nilipokikata, nikaweka betri mpya, nikakifunga. Mwesigye akakiandikia barua kwa lugha yao kwa maneno niliyomtajia: kwamba tumekirudisha kikiwa kinafanya kazi, na kwamba kinafunguka kwa bisibisi ndogo ambayo tumeifunga humo pamoja nacho.